Laini ya akiba imegoma: kutafuta hitilafu za kuhama njia kwenye mitandao ya fiba

Malalamiko yanayomfikia fundi wa mtandao Nairobi kuhusu laini za akiba si ya aina nyingi, ila yanajirudia. "Fundi, tunalipia laini mbili na zote zimelala." "Ilihama, lakini tulikaa dakika tano bila kitu." "Tangu mvua ianze inaruka huku na huku." Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata malalamiko hayo. Unahusu mitambo ya SDH (mfumo wa kusafirisha trafiki juu ya fiba) ambayo bado inabeba E1 (laini za kidijitali) za simu na za benki, pete za Etheneti (swichi zilizounganishwa kwa duara) za kiwango cha G.8032, na ofisi ya kawaida yenye ruta moja na laini za watoa huduma wawili.

Njia ya kazi ni ile inayobeba trafiki siku zote. Njia ya akiba ni ile inayongoja. Katika mpangilio wa 1+1, mtambo hutuma trafiki ile ile kwenye njia zote mbili muda wote, na upande wa kupokea ndio unaochagua. Katika 1:1, trafiki hupita njia moja, na pande mbili hulazimika kuelewana kabla ya kuhama. Kwenye SDH maelewano hayo hupita katika baiti mbili, K1 na K2. Shika tofauti hiyo, kwa sababu hitilafu kadhaa hapa chini zimezaliwa nayo.

Kabla ya kugusa chochote

Andika saa. Piga picha taa za mtambo. Hifadhi rekodi ya alamu kwenye kompyuta yako. Kisha uliza ni nani aliyefanya kazi kwenye kabati hilo mara ya mwisho, na alifanya nini. Swali hili limetatua matatizo mengi kuliko kifaa chochote kwenye begi.

Usizime na kuwasha mtambo ili "uone kama utarudi". Mitambo mingi hupoteza sehemu ya rekodi inapozimwa, na kama kuna njia moja iliyobaki hai, utaikata kwa mkono wako mwenyewe.

Dalili: njia ya kazi imekatika na mtambo haujahama

Anza na amri zilizosahauliwa. Fundi alikuja usiku kubadilisha kadi, akafunga njia ya akiba ili trafiki isiruke wakati anafanya kazi, akamaliza, akaenda nyumbani. Kufuli ikabaki. Miezi kadhaa baadaye kebo inakatwa, na mtambo unatii amri ya mwisho uliyopewa. Tazama hali ya ulinzi kwenye skrini, au soma biti nne za kwanza za K1: 1111 ni kufuli ya akiba, 1110 ni kuhamishwa kwa nguvu, 1000 ni kuhamishwa kwa mkono, 0000 ni kwamba hakuna ombi lolote.

Hizo mbili za katikati huchanganywa kila siku, na madhara yake si sawa. Kuhamisha kwa mkono kuko chini ya hitilafu halisi katika mpangilio wa vipaumbele: njia uliyohamia ikifa, mtambo utarudi wenyewe kwenye nyingine. Kuhamisha kwa nguvu kuko juu ya hitilafu ya njia ya kazi. Ukilazimisha trafiki ibaki kwenye njia ya kazi, kisha njia hiyo ikatike, trafiki itakaa pale pale. Kwa majaribio tumia amri ya mkono. Ya nguvu iache kwa kazi ya ukarabati, na uifute kabla hujafunga begi.

Sababu ya pili: njia ya akiba ilikuwa imekufa tangu zamani. Haina trafiki, kwa hiyo hakuna anayelalamika, na alamu yake imekuwa ya njano kwenye skrini mpaka macho yameizoea. Soma nguvu ya mwanga inayopokelewa. Moduli nyingi (vipande vinavyotuma na kupokea mwanga) huandika -40 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) pale ambapo hakuna mwanga kabisa. Kama kuna mwanga, linganisha na uwezo wa moduli yenyewe: moduli ya STM-1 (kasi ya msingi ya SDH) ya masafa mafupi aina ya S-1.1 inatakiwa kusoma hadi -28 dBm. Ukikuta -27, njia hiyo ni hai kwa jina tu. Mimi hutaka angalau dB 3 za nafasi kabla sijaiita akiba.

Ya tatu huonekana zaidi kwenye ofisi. Ruta haijui kama fiba imekatika, kwa sababu kati yake na fiba kuna konveta ndogo ya plastiki inayogeuza mwanga wa fiba kuwa mawimbi ya waya wa shaba. Fiba inakufa upande mmoja, lakini konveta inaendelea kuwasha poti ya shaba upande wa pili, na ruta inaona taa ya kijani. Chomoa fiba kwenye konveta huku ukiangalia poti ya ruta. Ikibaki kijani, umepata jibu. Konveta nyingi zina swichi ndogo ya kupitisha taarifa ya kukatika. Iwashe pande zote mbili. Isipokuwepo, ondoa konveta na utumie moduli ya fiba kwenye ruta, au weka kipimo kinachotuma pakiti hadi upande wa pili na kuhama pakiti zisiporudi.

Ya nne ni pande mbili zisizokubaliana: huku 1+1, kule 1:1, au huku inahama upande mmoja na kule inataka pande zote mbili zihame pamoja. K2 husema wazi. Biti ya tano ikiwa 0 ni 1+1, ikiwa 1 ni 1:1 au 1:N (akiba moja kwa njia kadhaa). Kwenye baadhi ya mitambo, biti tatu za mwisho zikiwa 100 mtambo huhama upande mmoja, zikiwa 101 huhama pande zote. Soma mwisho wa huku, mpigie mwenzako wa kule asome wa kwake, mlinganishe. Makosa ya namna hii hutokea zaidi pale mitambo ya watengenezaji wawili ilipokutanishwa.

Kama yote haya ni sawa na bado haihami, kadi inayofanya uamuzi inaweza kuwa mbovu. Hapo simama. Kuchomoa kadi hiyo kwenye mtambo unaobeba trafiki si kazi ya kujaribu ukiwa peke yako. Mwite aliye na mkataba wa mtambo.

Dalili: inahama, lakini huduma inakaa chini muda mrefu

Hapa saa ya mkononi ni kifaa cha kwanza. Anzisha pingi (pakiti za majaribio) ya mfululizo, hamisha njia kwa amri ya mkono, halafu chomoa fiba na uone tena, ukihesabu sekunde mara zote mbili. Muda unaopata unakutajia ni nani hasa aliyehamisha.

Ulinzi wa SDH unaofanya kazi humaliza kuhama ndani ya milisekunde 50 baada ya hitilafu kugunduliwa. Pete ya G.8032 inalenga muda huo huo, mradi isizidi kilomita 1,200 na iwe na vituo chini ya 16. Kwa kiwango hicho mtu aliye kwenye simu anasikia mkwaruzo, au hasikii kitu. Kwa hiyo ukikosa sekunde nzima, ulinzi wa tabaka la chini haukufanya kazi, na kitu kingine cha juu kimekuokoa.

Sekunde 30 hadi 50 ni alama ya spaningi-trii ya zamani (itifaki ya swichi ya kuzuia vitanzi): sekunde 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza, na kama hitilafu iko mbali, 20 za kungoja kabla ya kuanza. Maana yake kuna swichi mahali fulani isiyo kwenye pete, au iliyowekwa upya bila mpangilio wake. Sekunde 40 zinanuka OSPF, itifaki ya ruta ya kutafuta njia, ambayo kwa kawaida hungoja muda huo kabla ya kumtangaza jirani kuwa amekufa. Sekunde 90 au 180 ni BGP, itifaki ya kubadilishana njia kati ya mitandao, kutegemea mtengenezaji wa ruta; ofisi zenye laini mbili za watoa huduma tofauti hukutana na hii sana.

Halafu kuna dakika tano kamili. Hii huwachanganya watu kwa sababu mtambo unaonyesha kwamba ulihama mara moja, na ni kweli ulihama. Tatizo ni swichi zilizo nyuma yake, ambazo bado zinakumbuka kwamba kompyuta fulani iko upande ule wa zamani. Kumbukumbu hiyo ya anwani za MAC (anwani za vifaa) kwa kawaida hufutika baada ya sekunde 300. Kwenye pete ya G.8032, ujumbe wa R-APS, wa kudhibiti pete, ndio unaoamuru swichi zifute kumbukumbu. Angalia kwanza kama VLAN (mtandao pepe) ya R-APS imeruhusiwa kwenye poti zote mbili za kila swichi, bila kusahau ile iliyoongezwa mwaka jana kwenye jengo jipya. Njia ya kuthibitisha: baada ya kuhama, mwambie mtu wa upande wa pili atume pakiti yoyote kutoka kwenye kompyuta yake. Ikifufuka papo hapo bila kungoja dakika tano, ni kumbukumbu ya MAC.

Tiba inategemea uliyempata. Kwa BGP na OSPF, weka BFD, kipimo cha haraka cha kama jirani yuko hai: pakiti kila milisekunde 300, tatu zikipotea jirani ametangazwa amekufa, yaani chini ya sekunde moja. Unaweza kushuka hadi milisekunde 50, lakini sishauri kufanya hivyo juu ya kiungo cha redio, kwa sababu mvua ya dakika mbili itakupa kazi ya usiku kucha.

Kama kuna ulinzi tabaka mbili, kwa mfano mwanga unalindwa chini na pete inalindwa juu, ipe ile ya juu subira ya milisekunde 100 au zaidi. Bila subira hiyo zote mbili huhama kwa pamoja kwa hitilafu moja, na trafiki inayumba mara mbili.

Dalili: inahama, inarudi, inahama tena

Mara nyingi njia ya kazi haijakatika, imechoka tu. Mwanga uko ukingoni, makosa yanapanda na kushuka. Kiwango cha kutangaza mawimbi yaliyoharibika huwekwa mara nyingi kwenye kosa 1 katika biti 1,000,000. Kwa STM-1 ya Mbit/s 155.52 hayo ni makosa karibu 155 kila sekunde. Njia inayocheza juu na chini ya mstari huo itahamisha trafiki kila ikivuka.

Anza na uchafu. Toa kichwa cha fiba, kitazame kwa darubini yake, kisafishe kwa kalamu ya kusafishia, kitazame tena. Vumbi la mjengo wa jirani linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Usikifute kwa shati wala usikipulize kwa mdomo. Na usilazimishe kichwa cha kijani kuingiana na cha bluu: vimekatwa kwa pembe tofauti, vitashikana vizuri kwa mkono huku mwanga ukipotea.

Kisha kupinda. Pima upotevu kwenye nanomita 1310 na 1550. Fiba nzima hupoteza kidogo zaidi kwenye 1310. Ukikuta 1550 ndiyo inayopoteza zaidi, mahali fulani fiba imekunjwa. Angalia vifungo vya plastiki vilivyokazwa mno na mlango wa kabati. Kabati moja la Industrial Area lilikuwa likihama kila askari wa usiku alipolifunga: waya mfupi wa fiba ulikuwa unabanwa na bawaba ya chini, na ganda lake la njano lilikuwa na alama nyeupe pale pale.

Kama dalili inafuata hali ya hewa, tofautisha. Ikija na mvua kubwa na kuondoka nayo, na akiba yako ni redio ya juu ya paa, mvua yenyewe inameza mawimbi. Redio za GHz 80 ndizo zinazoumia zaidi. Ikija saa kadhaa baada ya mvua na kukaa, maji yameingia kwenye kiungo (pale fiba zilipounganishwa) ndani ya chemba, yaani shimo la kebo. Ikija na upepo, fiba iko kwenye nguzo.

Mwisho tazama muda wa kungoja kabla ya kurudi, ambao mitambo huandika WTR. Kwenye SDH huwa kati ya dakika 5 na 12, kwenye G.8032 ni 1 hadi 12, na kwa kawaida 5. Mtu aliyekuwa akijaribu huenda aliuweka sifuri. Urudishe, lakini usidhani umetibu: umepunguza kelele tu, fiba bado ni mgonjwa.

Dalili: njia zote mbili zimekufa pamoja

Stima kwanza. Kagua kama vifaa vya njia zote mbili viko kwenye UPS moja, na kama konveta ya akiba imechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Ndiyo sababu ya kawaida kabisa, na ndiyo inayoona aibu kuandikwa kwenye ripoti.

Stima ikiwa sawa, njia hizo si mbili. Kuwa na watoa huduma wawili si ushahidi wa kuwa na njia mbili. Mmoja anaweza kuwa amekodi fiba kwa mwenzake, au wote wamening'iniza kebo kwenye nguzo zile zile, au wamepita mtaro mmoja kando ya Mombasa Road ambao tingatinga likiuchimba linachukua vyote. Mara nyingi wanatengana vizuri barabarani halafu wanakutana mita 30 za mwisho, kwenye bomba moja la kuingilia jengo.

Omba ramani ya njia kutoka kwa wote wawili na uziweke juu ya nyingine. Wakikataa, tumia OTDR (kifaa cha kupima fiba kwa mwanga unaorudi) kwenye nyuzi zisizo na trafiki za kila njia. Mwanga ndani ya fiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, na OTDR inageuza muda kuwa umbali hadi kila kiungo. Viungo vya njia zote mbili vikiangukia umbali ule ule, moja baada ya nyingine, kebo ni moja, hata mikataba ikisema vingine. Usielekeze OTDR kwenye fiba inayofanya kazi: utakata huduma, na unaweza kuunguza kipokezi cha upande wa pili.

Nje ya jiji swali ni lile lile. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika pamoja karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. TEAMS, inayotoka Mombasa kwenda Fujairah, haipiti huko. Muulize mtoa huduma wako wa akiba anatokea baharini kwa kebo ipi.

Dalili: imehama, lakini baadhi ya huduma hazifanyi kazi

Barua pepe inakwenda, malipo yanakataa. Ukihamia kwa mtoa huduma mwingine, anwani yako ya IP ya nje inabadilika, na mfumo wa malipo uliosajiliwa kwa anwani moja unaona mgeni. Sajili zote mbili mapema. VPN (njia ya faragha juu ya intaneti) nayo inataka kituo cha pili kiwekwe pande zote.

Tovuti zingine zinafunguka, zingine zinaning'inia: pima ukubwa wa pakiti. Laini inayotumia PPPoE (njia ya kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila) hupitisha baiti 1,492 badala ya 1,500.

Kwenye SDH, sauti ya upande mmoja baada ya kuhama ni ishara kwamba nyuzi za kutuma na kupokea zimebadilishana mahali kwenye njia ya akiba, au trafiki ya E1 haikuunganishwa upande mmoja. Kuhama upande mmoja tu, kwenyewe, si kosa katika 1+1.

Dalili: fiba imetengenezwa na trafiki haijarudi

WTR bado inahesabu. Au mtambo umewekwa usirudi wenyewe, ambapo K1 husoma 0001. Au kuna amri ya nguvu imebaki. Usiharakishe. Trafiki ikiwa salama kwenye akiba mchana, iache huko, pima fiba iliyotengenezwa, uirudishe usiku.

Simama, mwite mwenye kazi

Usitazame ndani ya fiba wala ndani ya moduli, hata kama unaamini imezimwa. Mwanga wa 1310 na 1550 hauonekani kwa jicho, na jicho haliwezi kujikinga na kisichoonekana.

Usipande nguzo ya stima kufuata kebo iliyoanguka, na usiiguse kama imelalia nyaya. Hiyo ni kazi ya Kenya Power. Usishuke kwenye chemba peke yako wala bila kipimo cha gesi. Usilegeze nati za betri za volti -48 ukiwa na saa au pete ya chuma mkononi.

Kwenye pete, taa zote za swichi zikimetameta kwa pamoja bila kupumzika, una kitanzi, yaani trafiki inazunguka bila kuisha: kiungo cha pete kinachopaswa kufungwa hakijafungwa. Chomoa mguu mmoja wa pete mara moja, kisha piga simu. Usiurudishe mpaka anayesimamia mpangilio awe kwenye laini.

Unapopiga simu kwa mtoa huduma, uwe na namba ya laini, saa ya kukatika kwa sekunde, alamu ya kwanza kutokea (si ya mwisho), nguvu ya mwanga ya pande zote mbili, na hali ya ulinzi uliyoikuta kabla hujagusa kitu. Omba namba ya tiketi na maelezo ya maandishi ya chanzo. Kama jibu litakuwa "fiba ilikatwa", uliza imekatwa wapi, na kama kebo ya akiba inapita hapo pia.